Shule na Hospitali Zinakula Kila Siku: Namna ya Kupata Zabuni ya Chakula Serikalini Bila Kufilisika

Wiki hizi mbili nimepata maswali mengi kutoka kwa vijana wanaolima kibiashara, na karibu yote yanafanana: "Afisa, nimesikia sekondari ya bweni pale wilayani wanatafuta mtu wa kuleta maharage. Naingiaje?" Mwingine ananiuliza kuhusu mayai ya hospitali, mwingine mboga za chuo. Nikaona nisijibu mmoja mmoja, niandike makala moja iliyokamilika.

Nianze na jambo ambalo wengi wanalisahau. Serikali ni mlaji mkubwa sana. Shule za bweni, hospitali, vyuo, magereza, kambi za JKT na vyuo vya polisi vinapika kila siku ya Mungu: mahindi, unga, mchele, maharage, mafuta ya kula, kabichi, nyanya, vitunguu, nyama, mayai na maziwa. Vitu hivyo tunavilima na kuvifuga sisi. Lakini ukiangalia nani anavipeleka, mara nyingi utakuta ni mfanyabiashara wa mjini ambaye hana hata bustani ya mchicha. Ananunua kwako shambani, anabeba, anapeleka shuleni, tofauti ya bei inabaki kwake.

Vijana wengi wakisikia hivyo wanasema, "Hayo ni mambo ya koneksheni." Sikatai kwamba ujanja upo. Ila kwa ninavyoona huku kwenye kata, vijana wengi wanakosa kwa sababu hawana nyaraka, hawajui tangazo linatoka wapi, au wanapiga bei bila hesabu. Na wapo wanaopata zabuni halafu inawafilisi. Hao wa mwisho ndio wananiumiza zaidi, kwa hiyo nusu ya makala hii itakuwa juu yao.

1. Elewa serikali inanunuaje

Kwa sasa ununuzi wote wa umma hapa Tanzania unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024. Msimamizi ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST, ulioanza kutumika Julai 2023 na kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS.

Maana yake kwako ni nini? Ile habari ya kuandika barua ya maombi, kuiweka kwenye bahasha ya kaki na kumpelekea mkuu wa shule, imepitwa na wakati. Mkuu wa shule anaweza kukupenda sana, lakini kama haupo kwenye NeST hawezi kukupa kazi kihalali.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kila taasisi nunuzi, yaani shule, hospitali au halmashauri yenyewe, inaandaa mpango wa ununuzi wa mwaka mzima unaoonyesha itanunua nini na lini. Mipango hiyo inawekwa kwenye mfumo. Mkulima mwenye akili anausoma mpango huo kabla hajapanda. Ukijua hospitali ya wilaya itatafuta mzabuni wa mboga mwezi fulani, unapanga kitalu chako kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Ukisubiri tangazo ndipo uanze kutafuta mbegu, umeshachelewa.

Jambo la tatu: siyo kila ununuzi ni zabuni kubwa. Zipo zabuni za ushindani zinazotangazwa wazi, upo ushindanishi wa bei ambapo wazabuni wanatoa bei kwa muda mfupi, na upo ununuzi wa thamani ndogo. Ipo pia mikataba maalum ambayo Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, anaingia na wazabuni kwa vitu vinavyotumiwa na taasisi nyingi, halafu taasisi zinaagiza kidogo kidogo kwa bei iliyokubaliwa. Kijana anayeanza ajiweke kwenye hizi ndogo kwanza, ajenge rekodi.

2. Nyaraka: hapa ndipo wengi wanakwama

Kabla ya kuota mkataba, weka mezani vitu hivi:

- Namba ya NIDA.
- TIN kutoka TRA, iliyo hai na iliyosajiliwa kwa biashara. Watu wengi wana TIN waliyokatia leseni ya udereva. Nenda TRA ukaeleze kwamba sasa unafanya biashara.
- Usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, kama hutumii kikundi.
- Leseni ya biashara inayoendana na unachouza. Leseni ya duka la vipuri haiwezi kukusaidia kwenye zabuni ya maharage.
- Uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA.
- Akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara au kikundi.
- Namna ya kutoa risiti za EFD. Taasisi ya umma haiwezi kukulipa kwa karatasi ya kuandika kwa kalamu.

Halafu unajisajili kwenye NeST. Mfumo umeunganishwa na mifumo mingine ya serikali kama TRA, BRELA na NIDA, kwa hiyo majina yasipofanana utasumbuka. Kama NIDA umeandikwa majina matatu na kwenye TIN yapo mawili, rekebisha mapema. Chagua kwa makini aina ya bidhaa unazosajili, maana ukikosea hapo zabuni za chakula hutaziona au hutaruhusiwa kuziomba.

Wengi wenu mtaenda steshenari mkasajiliwe. Sawa, hakuna ubaya. Ila barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, na nywila ubaki nayo wewe. Nimewahi kumsaidia kijana mmoja aliyekuwa ametumia barua pepe ya mwenye steshenari. Taarifa ya zabuni ilipokuja ilienda kwa mwenye steshenari, na yeye alikuwa ameshahama mji.

3. Asilimia 30 ya makundi maalum ni yako

Sheria inazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalum: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hizo zinashindaniwa na makundi hayo tu. Yule tajiri wa mjini mwenye maghala matatu haruhusiwi kuingia humo.

Lakini fungu hilo halimfuati mtu nyumbani. Mnatakiwa muwe kikundi kilichosajiliwa. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au wilaya, yeye ndiye atawaeleza masharti ya sasa ya umri, idadi ya wanachama, katiba na taasisi itakayowadhamini ili mtambuliwe kwenye NeST kama kundi maalum. Msiunde kikundi cha kwenye karatasi. Kikundi ambacho watu wanne ni wa kusaini tu na mmoja ndiye anafanya kazi, siku hela ikiingia ndiyo siku kinapovunjika. Andikeni mapema: nani analeta mzigo kiasi gani, nani anasimamia stoo, faida inagawanywaje, na hasara inabebwaje. Hilo la hasara ndilo vikundi vingi vinaliruka.

Kikundi hicho hicho kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mikopo hiyo haina riba, na mgawo wake ni asilimia 4 vijana, 4 wanawake na 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa kazi ya zabuni, mkopo usio na riba ni msaada mkubwa, na utaona sababu nikifika kwenye malipo.

4. Soma zabuni kama unavyosoma kibandiko cha sumu

Huwa nawaambia wakulima wasome kibandiko cha kiuatilifu mpaka mwisho kabla ya kufungua chupa. Zabuni ni hivyo hivyo. Kabla hujaingiza bei, jibu maswali haya:

Wanataka nini hasa? "Maharage" peke yake haitoshi. Aina gani, rangi gani, unyevu kiasi gani, yawe yamechambuliwa kwa kiwango gani, yafungwe kwenye mifuko ya kilo ngapi?

Kiasi gani na kwa ratiba gani? Tani 10 zikishushwa siku moja ni biashara moja. Tani 10 zikipelekwa tani moja kila mwezi kwa miezi 10 ni biashara nyingine kabisa.

Je, kiasi kilichotajwa ni cha uhakika au makadirio? Kwenye mikataba ya kuagiza kwa awamu, kiasi huwa ni makadirio. Taasisi inaweza kuandika tani 10 na mwaka ukaisha imeagiza 6. Usilime, usikope wala usijaze stoo kwa kutegemea makadirio yote.

Bei inabadilika au haibadiliki? Mikataba ya muda mfupi kwa kawaida ni bei ile ile mpaka mwisho. Ukisaini bei ya msimu wa mavuno, utapeleka kwa bei hiyo hiyo hata mwezi ambao maharage yameadimika na soko limepanda.

Usafiri ni wa nani? Mara nyingi ni wako mpaka mlangoni kwa stoo yao, pamoja na vibarua wa kushusha.

Ukishamaliza kusoma, jaza kila fomu inayotakiwa, ikiwemo tamko la dhamana ya zabuni pale linapohitajika na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kikundi. Fomu moja ikikosekana unaondolewa kwenye hatua ya mwanzo hata kama bei yako ni nzuri kuliko zote. Na usisubiri saa ya mwisho. Mfumo unajifunga wenyewe muda ukifika, na mtandao wa huku kwetu tunaujua.

5. Kupiga bei: fanya hesabu mpaka senti ya mwisho

Hebu tufanye mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, wewe weka za kwako. Shule inataka maharage tani 10, yaani kilo 10,000, tani moja kila mwezi. Gharama kwa kilo moja:

- Maharage yenyewe, yawe yako au umenunua kwa wenzako: sh 1,900
- Kuchambua na kupepeta: sh 40
- Mifuko isiyopitisha hewa, sh 5,000 kwa kilo 100: sh 50
- Stoo na ulinzi: sh 40
- Upungufu wa uzito na yanayoharibika, asilimia 2: sh 38
- Usafiri, sh 80,000 kwa tani: sh 80
- Vibarua wa kupakia na kushusha: sh 20
- Ushuru, nyaraka na simu: sh 40

Jumla ni sh 2,208. Wengi wanaishia hapo. Wanasema, "Nikiweka 2,250 nimepata faida ya 42 kwa kilo, na bei yangu itakuwa ya chini, nitashinda." Ni kweli anaweza kushinda. Lakini hajahesabu gharama ya kusubiri. Tuseme malipo yanachukua miezi 3 na hela anayozungushia ni ya mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 6 ya 2,208, karibu sh 132. Sasa gharama halisi ni sh 2,340. Aliyeweka 2,250 anapoteza sh 90 kila kilo. Kwa tani 10 ni hasara ya sh 900,000, na amefanya kazi mwaka mzima.

Kwa bei ya 2,500 anabaki na sh 160 kwa kilo, sawa na sh 1,600,000 kwa mkataba mzima kabla ya kodi. Siyo utajiri, lakini ni hela ya halali. Na kumbuka mambo mawili. Kama ulinunua mzigo kwa mkopo wakati wa mavuno, riba inaanza siku ile ya kununua, siyo siku unayoshusha shuleni. Pili, serikali ikilipa bidhaa inakata kodi ya zuio ya asilimia 2. Kwenye sh 2,500 utapokea 2,450. Dai hati ya makato hayo, kwa sababu yanahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka.

Kama baada ya hesabu bei yako inakuwa juu ya bei ya soko kwa mbali, usiishushe kwa nguvu. Rudi kwenye gharama: je, mnaweza kusafirisha pamoja, kununua mifuko kwa jumla, kuongeza mavuno kwa ekari? Ikishindikana, iache hiyo zabuni. Kuna nyingine.

6. Mkulima ana nguvu ambayo mchuuzi hana

Nguvu yako ni kwamba unaweza kupanga uzalishaji na kuhifadhi. Mchuuzi ananunua kila mwezi kwa bei ya mwezi huo. Wewe unaweza kuhifadhi maharage ya msimu wa mavuno kwenye mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya chuma, bila kuweka dawa, na fukusi wasikuguse. Sharti ni moja: yawe yamekauka vizuri kabla ya kufunga, na mfuko usitobolewe.

Kwa mahindi, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na sehemu 5 kwa ile aina ya B1. Sumukuvu huioni kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Anza shambani: vuna kwa wakati, usianike chini kwenye udongo, tumia turubai, tenga magunzi yenye ukungu kabla ya kupukuchua. Hicho chakula kinakwenda kwa watoto na wagonjwa, kwa hiyo hapa hatuzungumzii zabuni tu.

Kwa mboga, kazi ni kupishanisha upandaji. Mfano, hospitali inataka kilo 200 za kabichi kila wiki. Kama kabichi yako moja ina wastani wa kilo 1.5, unahitaji vichwa kama 134. Weka nafasi ya kupoteza moja katika kila tano, unapata miche takriban 170 kila wiki. Ina maana kila wiki unahamisha miche 170 kutoka kitaluni, wiki baada ya wiki. Ukipanda 2,000 kwa mpigo utajaza soko la mnadani mwezi mmoja, halafu mwezi unaofuata unaanza kuomba kabichi za jirani.

Kama unauza unga au mafuta ya alizeti, hapo umeingia kwenye usindikaji na utahitaji alama ya ubora ya TBS. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho.

Na mizani. Taasisi inanunua kwa kilo, siyo kwa gunia wala debe. Tumia mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Pima kwako kabla ya kupakia, pima tena pale stoo mbele ya anayepokea.

7. Malipo: hapa ndipo wazabuni wanapofia

Nitasema wazi. Taasisi nyingi za umma hazilipi papo hapo. Madeni ya wazabuni wa chakula mashuleni ni habari inayojulikana, imezungumzwa mpaka bungeni. Siyo lazima ikukute, lakini panga kama vile itakukuta.

Turudi kwenye mfano. Unapeleka tani moja kila mwezi kwa sh 2,500, yaani mzigo wa sh 2,500,000. Malipo yakichelewa miezi 3, hela yako iliyoko nje ni sh 7,500,000. Yakichelewa miezi 6, ni sh 15,000,000. Na wakati huo huo mkataba unakutaka uendelee kupeleka. Ukiacha, wewe ndiye umevunja mkataba, na mzabuni asiyetimiza mkataba anaweza kufungiwa na PPRA asishiriki zabuni tena. Ukiendelea, unauza ng'ombe wa baba. Nimeona kikundi kimoja kwenye kata jirani kikifika hapo: zabuni walishinda vizuri, mwezi wa tano wakaanza kuuza mashine ya kumwagilia ili wanunue maharage.

Kwa hiyo kabla ya kuomba, jiulize swali hili moja: naweza kupeleka mzigo kwa miezi mingapi bila kulipwa hata shilingi? Kama jibu ni miezi miwili, hiyo zabuni ya miezi 10 ni kubwa kuliko wewe. Omba ndogo zaidi, au fungu moja kati ya mafungu yaliyogawanywa.

Halafu zuia ucheleweshaji unaotokana na wewe mwenyewe, maana upo mwingi:

- Usipeleke mzigo kwa maneno ya simu. Subiri agizo la maandishi, LPO, lililotoka kwenye mfumo. "Leta tu, karatasi tutamalizana" ni njia ya kukosa malipo.
- Hakikisha mzigo umekaguliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, na umesainiwa kwenye hati ya makabidhiano yenye tarehe, uzito na majina. Nakala moja ibaki kwako.
- Peleka ankara na risiti ya EFD mapema, zikiwa na namba ya LPO, kiasi na bei vinavyolingana na mkataba. Tofauti ya kilo 5 inaweza kurudisha madai yako nyuma mwezi mzima.
- Fuatilia kwa maandishi, kwa heshima. Andika kwa Afisa Masuuli wa taasisi, taja kifungu cha malipo kwenye mkataba. Barua zinabaki kwenye faili, maneno ya korido hayabaki.
- Weka daftari la kila mkataba. Kila mzigo, kila saini, kila tarehe.

Na usiweke mazao yako yote kwa mteja huyu mmoja. Mimi huwa nashauri kwa anayeanza, isizidi theluthi moja ya mavuno. Nyingine uza sokoni upate hela ya kuendeshea shamba.

8. Ukikosa zabuni

Kabla ya mkataba kusainiwa, wazabuni wanapewa notisi ya nia ya kutoa tuzo. Inaonyesha nani anapendekezwa, na wewe unapaswa kuelezwa kwa nini hukuchaguliwa. Isome. Mara nyingi utakuta sababu ya kawaida tu: leseni imeisha muda, fomu haikusainiwa, bei haikujumlishwa sawa. Hiyo ni shule ya bure.

Kama unaona umeonewa, una haki ya kulalamika kwa Afisa Masuuli, na usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Muda wa kulalamika ni mfupi sana, siku za kazi chache tu, kwa hiyo usianze kwanza kuzunguka kuuliza wazee wa mtaani. Soma tarehe kwenye notisi na uanze siku hiyo hiyo.

9. Rushwa na matapeli

Ukishajulikana kwamba unaomba zabuni, simu zitaanza. "Mdogo wangu, hiyo zabuni ipo mikononi mwangu, tuma laki mbili ya kuisukuma." Usitume. Malipo halali ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi tunaiita kontrol namba. Hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu. Kama anayekudai ni mtumishi kweli, hiyo ni rushwa, na sheria inamkamata anayetoa pamoja na anayepokea. Piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Zaidi ya hapo, ukimpa mtu laki mbili leo, atazitaka tena kwenye mapokezi, na tena kwenye malipo. Rudi kwenye ile hesabu yetu ya sh 160 kwa kilo uone zinatoka wapi.

10. Njia za kuanzia kama bado hujafika huko

Siyo lazima uanze kama mzabuni mkuu. Unaweza kumuuzia mzabuni aliyeshinda tayari, kwa makubaliano ya maandishi na bei inayoeleweka. Utajifunza ratiba, ubora na usumbufu wake wakati yeye ndiye anabeba mzigo wa kusubiri malipo.

Kwa nafaka, yupo pia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambaye msimu ukifika hufungua vituo vya kununulia na kutangaza bei. Pale hakuna kushindana kwa bei, kuna kushindana na ubora: mahindi makavu, safi, yasiyobunguliwa. Kikundi kinachoweza kupita kwenye kipimo cha NFRA kinaweza kupita kwenye stoo ya shule yoyote.

Wiki hii ufanye nini?

Usijaribu kufanya yote. Fanya matatu. Kwanza, linganisha majina yako kwenye NIDA, TIN na akaunti ya benki. Pili, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii uulize masharti ya kusajili kikundi cha vijana kama kundi maalum. Tatu, ingia nest.go.tz utafute shule, chuo na hospitali zilizo karibu na shamba lako, uone zimepanga kununua nini mwaka huu wa fedha. Ukishajua wanataka nini na lini, njoo ofisini kwangu kata, au kwa afisa ugani wa kwenu, mpange pamoja mbegu na tarehe za kupanda.

Makala ijayo tutaangalia namna ya kupima unyevu wa nafaka kijijini kwa njia ya chumvi na chupa, kwa wale ambao bado hawana kipimo. Nawatakia kazi njema shambani.